Manyoya ya Baridi

Kila saa mbili usiku Endel hupiga simu
kutoka hospitali ya Tartu.
Haniulizi, "U hali gani, Leida?"
Huuliza, "Miira amekula?"

Amekula. Amekula kabla yangu,
kama ilivyo ada ya nyumba hii.
Alfajiri natoka na taa, theluji inalia chini ya buti,
ndoo ya kulia ina maji ya vuguvugu,
maana ya barafu hayanywi, huyanusa tu na kunitazama.
Ya kushoto ina makapi ya viazisukari
niliyoyaroweka usiku kando ya jiko
yakavimba, yakalainika kama uji wa mtoto.
"Usimpe makavu," alisema mume wangu juu ya machela,
dereva akisubiri na mlango wazi,
"yatamvimbia kooni."
Hivyo ndivyo alivyoniaga.

Ana miaka ishirini na tisa, farasi huyu.
Akipewa nyasi kavu huzizungusha shavuni
kama mtafuna tumbaku,
kisha huziangusha, tonge baada ya tonge,
zimesokotwa, zina mate, hazijamezwa.
Wiki nzima nilizifagia nikidhani ni deko.

Kertu, daktari wa mifugo, alikuja na tupa yake,
msichana mwembamba,
akazamisha mkono kinywani mwa Miira hadi kiwiko,
akasaga ncha za magego zilizokuwa zikimchoma ulimi.
"Mbona mnene?" nilimwambia. "Tazama alivyojaa."
Akaushika mkono wangu, akauchomeka chini ya manyoya.
"Manyoya ya baridi ni mwongo hodari, mama.
Usimpime kwa macho."
Vidole vyangu vikapanda mbavu moja moja
kama ngazi ya dari.

Basi ikawa milo minne, midogo,
mbegu za kitani zilizochemshwa, kikombe cha mafuta,
chumvi kiasi cha kujaza kiganja.
Na mlango kufungwa,
kwa sababu Juss ana miaka sita na meno yote,
na mbele ya ndoo yake mnyonge hana haki.
Nakaa juu ya ndoo tupu saa nzima nikimngoja.
Hali, huyu. Anazungumza na chakula.

Kalju, jirani, aliegemea uzio.
"Kwa gharama hiyo ungempeleka machinjioni
ukabaki na chenji."
Nikamuuliza mama yake ana miaka mingapi.
Hajarudi kuegemea.

Lakini zipo asubuhi, sitaficha,
ambapo nakoroga makapi na hasira pamoja.
Miaka arobaini na moja ya ndoa!
Nilipomzaa Aivar, Endel alinipikia supu
akaiacha motoni, akaenda kutazama kwato.
Tulikula mkate mkavu, mimi na moshi.

Machi, mtaro ulipoanza kutiririka,
nilichomeka vidole na mbavu zilikuwa zimezama,
unazihisi ukizitafuta, huzioni ukipita.
Sikumwambia mtu. Nilimwambia Juss.

Naye Endel akashuka basi la Värska
ndani ya koti lake la ngozi ya kondoo,
mpana kama kabati.
"Umerudi na afya," alisema dereva.
Nikafungua kifungo cha pili, kituoni, mbele ya watu,
nikaingiza mkono.

Moja. Mbili. Tatu.
Nikaacha kuhesabu.
"Vidole vyako vya baridi," alilalamika,
na hakurudi nyuma.

Usiku huo kulikuwa na bakuli mbili kando ya jiko,
zimefunikwa kwa sahani.
Alikaa mezani, kijiko kikitetemeka,
akageukia dirisha lenye giza la zizi.
"Miira amekula?"

"Amekula," nikasema. "Tafuna."